Msiwafukuze watu wa gokati, wafungisheni sailensa

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzetu wa Kigamboni, yule aliyelalamika kuhusu watu wanaokimbiza gokati, yaani vile vigari vidogo vya mbio vya kukaa mtu mmoja, kila Jumapili kwenye kiwanja cha jirani na kwake. Barua yake tuliisoma pale gereji, tukaibishania mpaka chai ikapoa. Kwanza nimpe haki yake, kelele zipo na ni mbaya, mi mwenyewe hizo mashine ndo kazi yangu na sikai karibu na injini ya tu-stroku (ile ambayo oili inachanganywa na petroli) iliyo wazi, yaani haina sailensa, bila kuziba masikio. Ila dawa aliyotoa ndo imenifanya niandike. Anataka serikali ya mtaa iwafukuze, na kama hawafukuziki basi idadi yao ipunguzwe nusu. Hapo sasa ndo nasema hapana ndugu yangu, utapunguza nusu ya hayo magari na masikio yako wala hayatakushukuru.

Ngoja nieleze. Kelele inapimwa kwa desibeli na desibeli hazihesabiwi kama machungwa. Zikiwa zinanguruma gokati nane halafu ukaondoa nne, kelele inashuka desibeli 3. Tatu tu! Mtu aliyekaa barazani kwake anaweza hata asijue kama kuna waliondoka. Sikio la kawaida linaanza kusema "afadhali, imepungua nusu" pale sauti inaposhuka kama desibeli 10, na hizo 10 ukitaka kuzipata kwa kufukuza watu itabidi kati ya kila gokati kumi ubakize moja. Sasa injini iliyokuwa wazi kabisa, ukiifungia sailensa ya maana, hizo 10 unazipata na chenji inabaki, na hakuna mtu aliyefukuzwa, watu wanaendelea na mambo yao na wewe unaendelea na redio yako. Ndo maana nashangaa watu wanakimbilia kufukuza kwanza.

Najua wengi wataniuliza, sasa kama ni rahisi hivyo mbona hawazifungi wenyewe? Hilo ndo swali, na jibu lake liko kwa wenye mashine, ambao ni wateja wangu na nawapenda lakini kwa hili ni wabishi kinoma. Wanaamini sailensa inakula nguvu ya injini. Ukimwambia mtu mwenye injini ya zamani ya gokati kwamba unataka kumfungia sailensa anakuangalia kama unataka kumchomea nyumba.

Nirudi nyuma kidogo ili msomaji asiyezijua hizi mashine ajue tunaongelea nini. Gokati ya kwanza ilitengenezwa California, Marekani, mwaka 1956, na jamaa anaitwa Art Ingels, akaiwekea kainjini ka West Bend kalikotengenezwa kwa ajili ya mashine ya kukatia majani. Ilivyoshika moto, mwaka 1959 kampuni ya McCulloch, wale wale wa misumeno ya kukatia miti, wakatoa injini yao ya MC-10, ambayo kimsingi ni injini ya msumeno iliyofanyiwa marekebisho ikapewa kazi ya mbio. Kwa hiyo yeyote aliyewahi kusimama karibu na msumeno wa petroli huko Iringa kwenye mashamba ya miti anaijua familia ya hiyo sauti, ila hapa uitoe sailensa yote halafu uiongezee mizunguko. Miaka hiyo walikuwa wanakimbiza na kibomba kifupi tu cha moshi, wazi, hakuna cha kuzuia chochote, na ndo hizo injini ambazo leo wazee wanazihifadhi na kuzifufua. Zinafika Dar kimoja kimoja, nyingine zimekaa stoo ya mtu miaka na miaka, nyingine ndugu kaituma kutoka Uingereza ndani ya boksi la nguo.

Na kwa nini tu-stroku inapiga kelele mbaya kuliko pikipiki za fo-stroku tulizozoea? Sababu ziko mbili. Ya kwanza, tu-stroku inalipuka kila mzunguko wakati fo-stroku inalipuka mzunguko mmoja inaruka mmoja, kwa hiyo injini ya silinda moja kwenye mizunguko 9,000 kwa dakika inakupigia milipuko 150 kila sekunde, mwenzake wa fo-stroku kwa mwendo huo huo anapiga 75. Sauti inakuwa nyembamba na ya juu, ile inayokereta kichwani. Ya pili, tundu la moshi kwenye tu-stroku halina valvu ya kufunguka taratibu, ni pistoni yenyewe inashuka inalifunua ghafla huku ndani presha bado iko juu, moshi unatoka kwa kishindo. Hicho kishindo ndo kinachovuka ukuta wa jirani.

Sasa twende kwenye hii imani ya sailensa kula nguvu, maana hapa ndo penye kesi. Haijatoka hewani, ina historia, ila watu wameishika kichwa chini miguu juu.

Miaka ya 1950 kule Ujerumani Mashariki kulikuwa na injinia anaitwa Walter Kaaden, yuko kampuni ya pikipiki ya MZ, hana hela, hana vifaa vya maana, lakini alishika jambo moja ambalo wenzake hawakulitilia maanani ipasavyo: moshi unavyotoka kwenye tu-stroku unatuma wimbi la presha ndani ya eksozi, na hilo wimbi linaweza kurudishwa likafanya kazi. Eksozi ikianza nyembamba halafu ikapanuka, wimbi linalorudi ni la kuvuta, linafyonza moshi uliobaki na kusaidia mchanganyiko mpya wa hewa na petroli upande juu. Halafu mbele eksozi ikibanwa tena, linarudi wimbi la kusukuma, linafika mlangoni kabla tundu halijafungwa na kuurudisha ndani ule mchanganyiko uliokuwa unataka kutoroka na moshi. Yaani bomba tupu, bati limekunjwa tu, linafanya kazi ya pampu. Mwaka 1961 dereva wao Ernst Degner alitorokea Magharibi wakati wa mashindano ya Sweden, akaingia Suzuki na ujuzi wote kichwani, na 1962 akawa bingwa wa dunia wa pikipiki za cc 50 akiwa na Suzuki. Siri ya bati lililokunjwa ikasambaa dunia nzima, na ndo yale matumbo mnayoyaona kwenye eksozi za pikipiki za tu-stroku mpaka leo.

Somo la hapo ni kwamba eksozi ya tu-stroku ina vipimo, ukiichezea umeichezea injini. Hiyo ni kweli kabisa. Mtu akichukua sailensa ya pikipiki yoyote iliyookotwa, akaibandika mdomoni mwa injini ya gokati bila kujua urefu wala upana, lazima nguvu ipotee, na akitoka hapo anatangaza mji mzima kwamba sailensa ni mbaya. Kumbe kilichoharibika ni urefu wa wimbi, sailensa yenyewe haina kosa. Sailensa inatakiwa ije nyuma, baada ya ile sehemu inayofanya kazi na wimbi. Kwenye eksozi yenye tumbo unaifunga mkiani, mawimbi yameshamaliza mambo yao huko mbele, wewe huku nyuma unashughulika na kelele tu.

Nina mteja, mzee mmoja wa Upanga, ana McCulloch ya zamani ambayo anaipenda pengine kuliko gari lake. Ile haina tumbo, ina kibomba kifupi kimenyooka. Alikuja kulalamika kwamba majirani wamemsema, halafu hapo hapo akanipa onyo, "Fundi, ukinifungia lile dubwana umeniulia mashine." Nikamwambia mzee wangu tuifunge kwanza, usipoipenda naitoa na sikudai hata mia. Akakubali kwa shingo upande. Naeleza tulichofanya kwa kirefu kidogo kwa sababu najua kuna watu watasoma hapa wana injini kama hiyo chini ya kitanda.

Kibomba chake cha mwanzo hatukukigusa urefu hata kidogo. Hicho ndo cha kwanza, na anayekikata ili sailensa ikae vizuri ameshaharibu kabla hajaanza. Mwisho wa kile kibomba tukaweka chumba kipana kitupu, kwa sababu wimbi likitoka kwenye njia nyembamba likakutana na uwazi mkubwa ghafla linarudi karibu sawa na vile lingerudi kama limetoka nje kwenye hewa, injini inadhani bado iko wazi. Baada ya hicho chumba ndo linakuja bomba la matundu lililonyooka, limezungushiwa nyuzi za fiberglasi, na juu yake gamba la stenlesi. Sauti inaingia kwenye matundu, inasuguana na nyuzi, inageuka joto na kufia humo, lakini moshi wenyewe unapita moja kwa moja haukutani na ukuta wowote. Kwa ukubwa, kanuni ya mafundi ni kwamba sailensa iwe na ujazo wa angalau mara kumi ya silinda, kwa hiyo injini ya cc 100 unaanzia lita moja, na ukiwa na nafasi ongeza. Wengi wanakosea hapa, wanataka kadogo kazuri kasikoonekana. Kadogo kanakaba na kelele hakazimi.

Njia ya kutokea, yaani ule mkia wa nyuma, usiwe mwembamba kuliko inavyotakiwa. Hili nalisema kwa herufi kubwa kichwani mwangu hata kama gazeti litaliandika kwa ndogo. Ukibana mkia, joto linarudi kwenye silinda, na kwenye injini inayopozwa na upepo ambayo mafuta yake ya kulainisha yanakuja na petroli, joto likizidi pistoni inanata, au inatoboka kabisa juu ukaona mwanga upande wa pili. Kuna mtu atakwambia mkia mwembamba unapunguza kelele zaidi. Ni kweli unapunguza, injini iliyokufa haipigi kelele kabisa.

Kufunga kwenyewe sasa. Flenji, yaani kile kibamba cha kufungia kwa boliti pale kwenye tundu la moshi, lazima iwe bapa, na ukishachomelea flenji huwa inajikunja, hata kama hukuona. Sisi tunabandika msasa juu ya kioo kinene, tunaisugua flenji kwa kuizungusha mpaka alama za kalamu tulizochora ziishe zote. Gasketi tulikata ya shaba nyekundu. Kabla ya kuifunga unaipasha moto mpaka iwe nyekundu halafu unaitumbukiza kwenye maji, inalainika, inakaa kwenye mikwaruzo na kuziba. Boliti zinaingia kwenye alumini kwa hiyo ukikaza kwa hasira uzi unakufa, na uzi ukifa kwenye injini ya miaka hiyo spea hupati hata ukizunguka Shauri Moyo yote, utaishia kutoboa na kuweka koili ya uzi mpya. Kaza kiasi, washa, ikipoa kaza tena.

Halafu jambo ambalo mafundi wa magari wanalikosea kila siku wakiletewa gokati. Gari lina sehemu za kushikia eksozi kwenye bodi, wao wanadhani na gokati ni hivyo hivyo, wanachomelea kamkono kutoka kwenye sailensa mpaka kwenye chesisi. Gokati haina springi za kubebea mwili, chesisi yenyewe ndo inajinyonga kwenye kona, na zaidi ya hapo injini inasogezwa mbele na nyuma kwenye reli zake ili kukaza cheni. Kwa hiyo ukiishika sailensa kwenye chesisi na huku imeshikwa na injini, siku unakaza cheni tu umeshaivuta eksozi, ukienda kukimbia inapasuka pale pale kwenye welding ya flenji. Sailensa inatakiwa ibebwe na kile kitako kinachobeba injini, vikiondoka viondoke pamoja. Na kati ya kibomba na sailensa usichomelee, weka kiungo cha kuchomekana kinachoshikwa na springi mbili ili kiwe na uhuru wa kutikisika. Springi nazo zifungwe kawaya ka usalama, maana springi ikikatika kwa mwendo hujui itamwangukia nani.

Kuhusu nyuzi za ndani, tafadhali msitumie ile waya ya kusugulia masufuria. Nimeshaona watu wanajaza hiyo, inaungua na kupeperushwa nje vipande vipande. Fiberglasi ya watengeneza boti inafaa, vaa glovu na mikono mirefu la sivyo utajikuna usiku kucha. Na tu-stroku inatema oili, kwa hiyo zile nyuzi zinalowa, zikishalowa zinakuwa ngumu nyeusi na kelele inarudi. Ndo maana kifuniko cha nyuma tulifunga kwa skrubu, hatukuchomelea, ili ufungue, utoe uchafu, ujaze nyuzi mpya. Wanaotumia oili zenye mafuta ya nyonyo wajue zinaacha gundi nyingi zaidi kwa hiyo wafungue mapema. (Na kwa vijana wenye haraka: oili ya mbio yenye nyonyo imesafishwa kwa kazi hiyo, sio ile chupa ya Kariakoo ya kupaka nywele. Kuna mmoja aliniuliza akiwa siriasi kabisa.) Harufu yake ni tamu kwa kweli, hata mtu asiyependa kelele akiisikia atasimama kidogo.

Baada ya kufunga, usipande ukakimbia. Kabureta za injini hizi zina sindano mbili, ya mwendo mdogo na ya mwendo mkubwa, na eksozi ikibadilika hata kidogo lazima uzipitie upya. Unaanza na mafuta mengi, unakimbia kidogo, unazima ukiwa kwenye mwendo, unafungua plagi unaisoma. Rangi ya kahawia umepatia. Nyeusi imelowa, mafuta ni mengi, hiyo sio hatari, ni uvivu tu. Nyeupe ndo ya kuogopa, hapo injini inaungua ndani na huna muda mrefu. Kipima joto cha kichwa cha silinda kikiwepo ni bora zaidi, kinafungwa chini ya plagi na unakiona ukiwa unaendesha.

Tuliipeleka kukimbia. Sitasema haikupoteza hata chembe, nitakuwa muongo. Kwenye kutoka kona ya taratibu mzee anasema inachelewa kidogo kuamka, na namwamini kwa sababu anaijua mashine yake. Kwenye mwendo wa juu kijana aliyekuwa anapima kwa simu hakuona tofauti ya kuzungumzia. Kilichobadilika ni kwamba tukiwa tumesimama pembeni ya kiwanja tuliweza kuongea gokati ikiwa inapita, kabla ya hapo tulikuwa tunaonyeshana kwa vidole. Mzee hakuniambia ameipenda, wazee hawasemi hivyo, ila hajanirudishia niitoe.

Jingine nililotaka wasomaji walijue, ukishazima kelele ya moshi utashangaa kuna kelele nyingine uliyokuwa huisikii, ya kabureta kuvuta hewa. Mdomo wa kabureta ukiwa wazi unapiga mngurumo mzito. Gokati za kisasa za mbio zinafungwa kaboksi ka kuvutia hewa kwa sababu hiyo hiyo, na kwa za zamani nako unaweza kukatengeneza, kawe na nafasi ya kutosha, na ndani weka sponji ya chujio, kwa vumbi la Kigamboni utashukuru kwa sababu mbili. Anayefunga sailensa bila kugusa huku mbele amefanya nusu ya kazi.

Na kwa kuwa tumegusa eksozi siwezi kuwaacha vijana wa bodaboda, samahani Mhariri natoka nje ya mada kidogo. Wao wana fo-stroku iliyotoka kiwandani na sailensa nzuri tu, halafu wanatoa hela yao mfukoni wampe mtu gurainda aikate au aitoboe. Nguvu haiongezeki. Kabureta ilipimwa ikiwa na ile eksozi, ukiifungua bila kugusa jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, mchanganyiko unakuwa mwepesi, yaani petroli haitoshi, inaanza kupiga mafataki ukiachia mafuta, inachemka, na valvu ya moshi inaungua. Ukimuuliza anakwambia "inatembea sana siku hizi." Haitembei bwana mdogo, inapiga kelele na wewe unafurahia. Mwenye gokati ya mwaka 1960 walau ana sababu, yake ilizaliwa bila.

Nirudi kwa msomaji wetu. Anasema hakuna sheria. Sheria ipo. Kuna kanuni za viwango vya kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, ziko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na NEMC, wale wa baraza la mazingira, ndo wanahusika. Zinatofautisha maeneo ya makazi na mengine, zinatofautisha mchana na usiku. Kwa hiyo wenye gokati wasijidanganye kwamba kwa kuwa kiwanja ni kweupe basi kila kitu ruksa. Na wajifikirie wenyewe pia, wataalamu wa afya kazini wa Marekani wanaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikipanda 3 muda unakatwa nusu, ukifika desibeli 100 ni dakika 15 tu kwa siku. Injini iliyo wazi ikiwa mgongoni mwako inapita hapo bila shida, na dereva ndo anakaa nayo karibu kuliko jirani yeyote. Nimefanya kazi na mafundi wakubwa wa zamani, unamwita mara tatu hageuki.

Ningekuwa mjumbe wa mtaa huo ningeita kikao kimoja, pande zote mbili. Kwa wenye gokati ningesema hakuna kuwasha bila sailensa na boksi la hewa, hata ukiwa unapima tu mngurumo wa injini pale pembeni, maana ule muda wa kufanya majaribio umesimama sehemu moja ndo unaochosha watu kuliko mbio zenyewe. Ningesema waanze saa nne asubuhi watu wakiwa wameshatoka kanisani na kuamka, wazime wakati wa adhana ya adhuhuri, na jioni saa kumi waondoke. Na wasogeze sehemu ya kuwashia mwisho wa kiwanja ulio mbali na nyumba, kwa sababu kwenye uwazi kila ukiongeza umbali mara mbili kelele inashuka kama desibeli 6, ambazo ni nyingi kuliko zile 3 za kufukuza nusu ya watu, na hazigharimu hata shilingi. Kwa jirani ningemuomba asubiri waweke hivyo vitu kwanza, halafu asikilize akiwa kwake. Zikibaki kelele aje tena na mimi nitasaini barua yake.

Gharama sio kisingizio. Stenlesi vipande vya kubakia vinapatikana kwa wachomeleaji wa Gerezani, bomba la matundu ukikosa unatoboa mwenyewe kwa drili, ni kazi ya kuchosha mkono lakini inafanyika, fiberglasi inauzwa kwa kilo. Kinachohitaji hela kidogo ni fundi anayejua kupima kabla ya kukata. Na wale wanaoogopa kuharibu thamani ya injini yao ya zamani, hakuna kinachochomelewa kwenye injini, flenji inafungwa kwa boliti, siku ya maonesho unafungua unarudisha kibomba chako cha zamani watu wapige picha, jioni unairudisha sailensa.

Kwa yule mzee wa Upanga, kama unasoma, zile nyuzi zimefika muda wake, ilete kabla ya Jumapili.

Fundi wa mashine ndogo,
Gerezani, Dar es Salaam